Aya ya Mwisho ya Barua ya Profesa

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuwatafutia wengine nafasi ya kuondoka. Ofisi ya ufadhili ya chuo chetu hapa Fianarantsoa ni chumba kimoja mwishoni mwa ukumbi wa ghorofa ya pili. Dirisha lake halifungi vizuri, kwa hiyo mwezi wa saba nilikuwa nafanya kazi nimejitanda lamba mbili, shuka zetu za kujifunika mabegani. Kila asubuhi nilifungua kompyuta nikapekua: nani anatoa ufadhili, wa fani gani, mwisho wa kupokea maombi ni lini, umri usizidi miaka mingapi. Nikipata kitu, nakiandika kwa kalamu nyekundu na kukibandika ubaoni. Wanafunzi wengi walikuja pale kama watu wanaojaribu bahati nasibu. Volatiana Razafindrasoa alikuja na daftari.

Alikuwa na miaka ishirini na saba na amemaliza uzamili. Baba yake alikuwa mfyatua matofali kule Ambalavao. Volatiana mwenyewe alikuwa mfupi, mcheshi, amesuka mikia miwili kama mtoto wa shule.

"Unasomea nini?" nikamuuliza.

"Viroboto."

"Viroboto?"

"Wa panya, mama. Hawa wanaoleta tauni."

"Na nani atakupa pesa kwa ajili ya viroboto?"

"Ndiyo nimekuja nikuulize wewe."

Nilicheka, naye akacheka, tukawa marafiki. Ilipita miezi kabla hajaniambia habari za mdogo wake, Njaka. Alikuwa na miaka kumi na nne. Jumatatu alilalamika kichwa, Alhamisi akafa. Watu wa afya walikuja na vinyago usoni, wakamzika peke yake pembeni mwa mashamba ya mpunga, kwa sababu aliyekufa kwa tauni haruhusiwi kuingizwa kwenye kaburi la ukoo mpaka ipite miaka. Kwetu hilo lina uchungu kuliko kifo chenyewe. Mama yake alikuwa akipita njia ndefu kwenda sokoni ili asione kile kilima cha udongo.

Volatiana alikuwa chini ya Profesa Ratsimandresy. Sitaki mumfikirie kama mtu mbaya tangu mwanzo, kwa sababu hakuwa hivyo. Alikuwa mrefu, mpole, kofia yake ya majani mkononi kila anapoingia chumbani kwa mtu. Nilipofiwa na mume, yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, na miaka baadaye mwanangu Mbola aliingia kufanya kazi maktaba kwa neno lake. Alijenga maabara ya viroboto kwa mikono yake, enzi ambazo chuo hakikuwa hata na maji ya bomba. Lakini alikuwa amezeeka, na aliyekuwa akiiendesha maabara ni Volatiana. Yeye ndiye aliyewalisha viroboto, aliyefundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyeandika ripoti ambazo profesa alitia sahihi.

Alichotaka Volatiana kilikuwa kimoja. Alitaka kufanya uzamivu Ulaya, kwenye maabara yenye mashine za kusoma chembe za urithi za wadudu. Katika kijiji kimoja, Ambatolahy, alikuwa amekusanya viroboto ambao dawa ya unga haikuwaua. Aliwapulizia, akasubiri, wakaendelea kuruka. Alirudia mara sita. Kila mwaka serikali ilikuwa ikigawa unga huo huo kijijini kabla ya mvua.

"Mama, wanapaka nyumba unga wa bure," aliniambia. "Wangepaka hata unga wa muhogo."

"Umemwambia profesa?"

"Anasema tusitangaze mpaka tupate ushahidi wa chembe za urithi. Bila huo watatucheka. Ndiyo maana lazima niende."

Mwaka wa kwanza tuliomba kwa wafadhili watatu. Nilimsaidia kujaza fomu, na profesa akaleta barua zake za kumpendekeza ndani ya bahasha zilizofungwa. Wote watatu walikataa. Nilimwambia ndiyo kawaida, mara ya kwanza hakuna anayepata.

Mwaka wa pili mfadhili mmoja alitaka barua zipandishwe kwenye mtandao, na profesa hakuwa akiziweza kompyuta. Akaniletea bahasha. "Noeline, nifanyie hilo." Nikaifungua ili niipige picha, na nikaisoma.

Ilikuwa barua nzuri. Ilisema ana akili, ana bidii, ana mkono mwepesi kwenye kazi ya maabara. Kisha ikaja aya ya mwisho, mistari mitatu tu: "Hata hivyo, ukweli unanilazimu kusema kwamba Bi. Razafindrasoa hufanya vizuri akisimamiwa kwa karibu. Sina hakika kama anaweza kuongoza utafiti wake mwenyewe, wala kama atahimili maisha ya mbali na nyumbani."

Nimeona barua nyingi za namna hiyo maishani. Mfadhili ana maombi mia nne mezani na nafasi nne. Anachotafuta kwenye kila faili ni sababu ya kuliweka kando, na hapo alikuwa amepewa.

Nikaenda ofisini kwake, karatasi mkononi.

"Profesa, aya hii ya mwisho."

"Ina makosa ya herufi?"

"Haina."

"Basi?"

"Volatiana ndiye anayeongoza kila kitu pale maabara. Wewe mwenyewe unajua."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Kaa chini, Noeline. Mradi wa wizara unaisha mwakani. Akiondoka sasa, mradi unakufa, na maabara inakufa nao. Mwaka mmoja tu. Mwakani nitamwandikia barua ya kumfungulia mlango wowote anaotaka."

Niliitazama karatasi mkononi.

"Mbola anaendeleaje?" akauliza. "Nasikia maktaba wanataka kupunguza watu. Usijali, nitamsemea."

Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa tishio au wema. Pengine hata yeye hakujua. Nilirudi kwenye kompyuta nikaipandisha barua ile kama ilivyokuwa. Nilijiambia, mwaka mmoja si kitu kwa msichana wa miaka ishirini na minane.

Mwaka uliofuata alileta bahasha nyingine, nami nikaifungua tena. Aya ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni tarehe. Baada ya hapo sikusoma tena. Nilizipiga picha barua zake nikiwa nimetazama pembeni, kama mtu anayemchinja kuku wake.

Na Volatiana aliendelea kuja. Kila Oktoba alikaa kwenye kiti kile kile, tukanywa maji ya ukoko wa wali kutoka kwenye chupa yangu ya chai, tukapekua matangazo. Mimi ndiye niliyemtafutia. Hilo ndilo ninalolibeba. Ningeweza kumwambia tafuta msimamizi mwingine, hama chuo, nenda Antananarivo. Badala yake nilimwonyesha tangazo jipya nikasema, "Hili linakufaa, mwanangu," na niliposema hivyo nilikuwa najua.

Majibu yalikuja kwa maneno yale yale. Tunasikitika kukufahamisha.

"Hawa watu wanasikitika sana," Volatiana alisema siku moja. "Kila mwaka wanasikitika. Tuwapelekee rambirambi?"

"Usikate tamaa."

"Sikati. Labda ni picha, mama. Nikicheka naonekana mtoto, nikinuna naonekana mchawi."

Tovo, mchumba wake, mwalimu wa hesabu, alimngoja miaka mitatu, maana kila walipotaka kupanga harusi kulikuwa na majibu yanayosubiriwa. Mwishowe akahamia Ihosy na kuoa huko. Volatiana aliniambia habari hizo huku akibana karatasi za maombi, na hakuacha kubana. Mikia miwili aliiacha mwaka huo. Akaanza kufunga nywele nyuma kwa kitambaa.

Alipokuwa na miaka thelathini na minne, ikatokea kitu ambacho hakijawahi kutokea. Taasisi moja ya Ulaya ilimwita kwenye mahojiano kwa njia ya video. Ilikuwa Januari, na sharti lao lilikuwa mwombaji asiwe ametimiza miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa anaitimiza Machi. Tulijua wote wawili kwamba hii ndiyo ya mwisho, kwa hiyo hatukuisema.

Alikuja asubuhi amevaa blauzi ya dada yake. Nikamwachia kiti changu, nami nikakaa kando, nje ya picha, kumshikia karatasi zake. Kwenye kioo kulikuwa na watu watatu. Walimuuliza juu ya viroboto wa Ambatolahy naye akawaeleza, na nilimwona yule mzee wa kulia akiinama mbele kusikiliza. Akawachekesha hata. Nilianza kuamini kwamba Mungu atanifutia deni langu hivi hivi, bila mimi kufanya lolote.

Kisha mwanamke wa katikati, mwenye nywele nyeupe, akapekua faili.

"Nina swali moja gumu kidogo," akasema. "Msimamizi wako anasema unahitaji kusimamiwa kwa karibu, na kwamba hana hakika kama unaweza kuongoza utafiti wako mwenyewe. Naona ameyasema hayo hayo miaka iliyopita, maana ulishaomba kwetu. Unalijibuje hilo?"

Volatiana aliendelea kutazama kioo. Nje kulikuwa na mtu anafagia ukumbi, na ufagio ulisikika ukija na kwenda.

"Bi. Razafindrasoa? Unatusikia?"

"Nawasikia," akasema. "Sikuwa nikijua."

"Samahani, ni maoni ya siri, sikupaswa kuyataja kwa namna hiyo. Lakini ungesema nini?"

Alisema jambo fulani kuhusu ripoti alizoandika, idadi ya vijiji alivyozunguka. Maneno yalikuwa sahihi, ila sauti ilikuwa ya mtu anayesomea mwingine barua. Wakamshukuru. Kioo kikawa cheusi.

Alikaa akitazama pale pale. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Mama, wewe ndiye unayezipandisha barua zake?"

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema uongo. Ulikuwa tayari mdomoni.

"Tangu mwaka wa pili," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. Akakusanya karatasi zake kutoka mapajani mwangu, moja moja, akatoka. Nikamfuata. Sijui kwa nini nilimfuata.

Profesa alikuwa maabara, ameinama juu ya darubini. Alipouona uso wa Volatiana, alivua kofia, ingawa alikuwa ndani mwake mwenyewe.

"Imekwendaje?" akauliza.

"Wamenisomea aya yako ya mwisho."

Panya mmoja alikuwa akikwaruza ndani ya kizimba.

"Volatiana..."

"Miaka saba. Nimekupikia chai miaka saba. Ulipovunjika mguu nilikuja kwako kila siku na majibu ya maabara. Nilikukosea nini, Profesa? Niambie tu nilipokukosea."

"Hukunikosea." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikiliza. Kabla yako nimewaandikia vijana saba barua nzuri. Saba. Wa kwanza yuko Lyon, wa pili Montreal. Hata kadi ya mwaka mpya siletewi. Hakuna aliyerudi. Kila aliyekuwa bora nilimfungulia mlango mimi mwenyewe, akatoka, nikabaki na vizimba. Nikasema huyu wa nane sitampoteza."

"Kwa hiyo ukaniweka kizimbani nami."

"Usingerudi."

"Ningerudi wapi kama si hapa?" Hapo ndipo alipopaza sauti kwa mara ya kwanza. "Mdogo wangu amelala porini kama mbwa! Unadhani nilitaka Ulaya nikaone theluji? Nilitaka mashine, Profesa. Mashine moja, miaka mitatu, nirudi. Ungeniuliza! Siku moja tu ungeniuliza, Volatiana, utarudi?"

Mzee alikaa. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hayafuti. "Nitaandika nyingine," akasema. "Leo hii."

"Iandike sasa. Mbele yangu."

Akaandika. Alichana karatasi mbili. Ya tatu ilisema kwamba alikosea, kwamba mwanafunzi huyu ameiongoza maabara yake kwa miaka saba, kwamba viroboto wa Ambatolahy ni ugunduzi wake peke yake. Ndiyo barua iliyokuwa inamstahili tangu mwanzo. Niliipandisha kabla ya chakula cha mchana, kwa mikono yangu mwenyewe, na nikatuma pamoja nayo barua yangu kueleza yaliyotokea.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Walisema kamati imepokea barua mbili zinazopingana kutoka kwa msimamizi mmoja, na kwa hali hiyo haiwezi kuitegemea hata moja. Nafasi amepewa mwombaji mwingine. Walisikitika.

Machi ilipita.

Volatiana hakuja tena chuoni. Vitu vyake alivichukua dada yake. Profesa alijaribu kuwalisha viroboto mwenyewe kwa wiki chache, kisha umeme ukakatika siku mbili mfululizo, joto likashuka, wakafa wote. Wale wa Ambatolahy pia, waliokuwa ushahidi. Profesa alistaafu mwezi wa sita. Sherehe ilifanyika, hotuba zikasomwa. Nilikwenda kwa mkuu wa kitivo na barua ya kurasa mbili, nimeeleza kila kitu nilichofanya na alichofanya Profesa. Mkuu aliisoma hadi mwisho.

"Bi. Noeline," akasema, "unataka tufanye nini? Mzee anaondoka. Na wewe umebakiza miaka mitatu ustaafu. Tusichafuane."

Akanirudishia karatasi zangu.

Mvua za mwaka huo zilipoanza, tauni iliingia Ambatolahy. Unga ulikuwa umeshapakwa nyumba zote mwezi uliotangulia, mweupe ukutani kama kawaida. Walikufa watu kumi na mmoja. Wanne walikuwa wa nyumba moja, nyumba ambayo Volatiana alikuwa akilala anapokwenda kutega panya. Nilisikia kwamba alikwenda wilayani na madaftari yake, akapanga foleni siku mbili, na alipofika mbele akaulizwa yeye ni nani na cheo chake ni kipi. Alisema ana uzamili. Wakamwambia ripoti iletwe na chuo, yenye sahihi na muhuri. Alimwendea profesa nyumbani, naye mzee akatia sahihi, lakini muhuri haukuwa wake tena.

Waliokuja kubadilisha mambo walikuja misimu miwili baadaye. Ilikuwa timu ya watafiti kutoka nje, na ufadhili mkubwa, na magari mawili. Waliuliza wilayani nani anajua kutega panya huko vijijini, wakatajiwa jina lake. Wakati huo alikuwa akifundisha baiolojia shule ya sekondari Ambalavao. Likizo ikamkuta akiwaongoza nyumba hadi nyumba, akilipwa kwa siku kama mbeba mizigo. Hakuwaambia kwamba alishajua watakachokipata. Baadaye nilimuuliza kwa nini.

"Ningesema, wangeuliza imeandikwa wapi," alijibu.

Walipata viroboto wasiokufa. Walisoma chembe zao kwa mashine. Makala yakatoka, na mwaka ule ule unga ukabadilishwa mkoa mzima. Mimi ndiye niliyeyaona kwanza, nikipekua mtandao kama nilivyozoea. Niliyachapa nikapanda gari kwenda Ambalavao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona tangu siku ile.

Walikuwa wametoka kumhamisha Njaka. Miaka ya katazo ilikuwa imekwisha, na ukoo ulikuwa umemfunga sanda mpya na kumweka na babu yake. Sikualikwa, na sikutarajia kualikwa. Mama yake alinikaribisha mkekani na kuniwekea wali na majani ya muhogo, kwa sababu hawezi kumwacha mgeni na njaa. Volatiana alikaa mbele yangu. Aliniita Bibi Noeline.

"Nilitaka uyaone," nikasema, nikampa makala.

Aliyasoma yote, kurasa kumi na mbili, bila haraka. Majina ya waandishi yalikuwa tisa. Lake halikuwamo. Mwishoni, kwenye shukrani, waliwashukuru wakazi wa vijiji na "msaidizi wa eneo hilo kwa kutega panya."

"Naomba unisamehe," nikasema.

Hakuinua macho. Alinyoosha mkono kwa mama yake akaomba kalamu, akarudi ukurasa wa tatu, akakata neno moja na kuandika jingine juu yake kwa herufi ndogo, safi.

"Jina la kijiji wamelikosea," akasema. "Ukirudi, waandikie warekebishe."

Kisha akasimama kwenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na mama yake akanisindikiza mpaka barabarani.